Milimita Mbili za Adabu

Jumatatu asubuhi programu iliniambia kwamba bomba na kasha havigusani. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaiongezea uvumilivu, ikanyamaza. Likumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau siku nne nzima.

Ofisi yetu iko Granville, kitongoji cha jiji hili la ugenini, juu ya duka la matairi: vyumba vitatu na ngazi inayolalamika kila ukiikanyaga. Tunapiga hesabu za hewa. Feni, matanuri ya mikate, mabomba ya kunyonya vumbi, chochote chenye upepo ndani yake. Mwenye kiwanda hataki akate bati kwanza ndipo agundue kuwa vumbi limegoma kuondoka, anataka sisi tumwambie mapema. Kwa miaka miwili mimi nilikuwa mchoraji tu pale. Kabla ya kuchora nilikuwa nafagia kiwanda cha makabati kule Smithfield, na kabla ya kufagia nilipiga deki ofisi za katikati ya jiji, shahada yangu ya uhandisi ikiwa chini ya mfuko wa vitambaa kama barua ya mapenzi isiyojibiwa. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema ili ujue kwamba kiti nilichokalia wiki ile sikukiokota njiani.

Miezi mitatu nyuma, bosi wetu Douglas, mtu mrefu anayesema polepole kana kwamba kila neno analipima uzito, alinipa nafasi ya kupiga hesabu zenyewe. Kwa majaribio. Kazi ya kufunga majaribio ilikuwa mfumo mpya wa kunyonya vumbi la mbao, tena kwenye kiwanda kile kile nilichokifagia. Masharti aliyaweka mezani bila kuyapamba. Ijumaa saa sita mchana wavu uwe umekamilika na hauna doa, ili hesabu zikimbie wikiendi, na Jumatatu kiwanda kikate bati kwa mchoro wetu. Usipokamilika, kazi inakwenda kwa mtaalamu mmoja wa mjini, mimi narudi kuchora, na majaribio mengine hakuna.

Huo wavu wenyewe ni hivi. Kompyuta haiijui hewa. Ukitaka ikuhesabie hewa iliyomo bombani, lazima uikatekate vipande vidogo, mamilioni, vinavyogusana uso kwa uso bila kuacha upenyo. Kwenye bomba lililonyooka vipande vinakuwa matofali. Vinajipanga safu kwa safu, kila kimoja kinakijua cha mbele yake na cha nyuma yake. Mimi naliita gwaride. Ndani ya kasha la feni, penye kona na mabapa, matofali hayaenei, kwa hiyo unamwaga vipande vyenye nyuso za pembetatu, vinajibana popote vinapopenya. Hilo naliita soko. Kasheshe iko getini, gwaride linapoingia sokoni. Tofali lina uso wa pembe nne, kipande cha soko kina pembetatu tupu, hawawezi kupeana mikono. Katikati unaweka piramidi, ambayo chini ina pembe nne na ubavuni ina pembetatu, nayo inaelewana na pande zote mbili kama karani wa ubalozi. Halafu ukutani, kwa kuwa hewa ikigusa bati hupunguza mwendo, unapanga safu nyembamba sana za matofali, nusu milimita kila safu, zinapita bombani mpaka zinaingia kidogo mdomoni mwa kasha.

Jumatatu mchana programu ilitengeneza wavu hadi asilimia tisini na tatu, ikasimama. Ikaniambia vipande mia mbili kumi na viwili vina ujazo hasi. Maana yake vimegeuka ndani nje, kama soksi. Hesabu haiwezi kupita kwenye hewa iliyogeuzwa kama soksi.

Jumanne niliwalaumu piramidi, maana karani ndiye wa kwanza kushukiwa popote. Nikawafanya wadogo, nikawafanya wakubwa, nikawaongezea nafasi ya kusimama. Mia mbili kumi na viwili wakawa mia moja na tisini, kisha mia tatu. Jumatano nikaligeukia soko. Nikaamuru vipande vyake visizidiane sana kwa ukubwa, nikaulainisha wavu mara ishirini, nikabadili hata njia ya kumwaga. Kila badiliko nililiandika kwenye daftari, tabia niliyoitoa kwenye usafi, ambako usipoandika sakafu uliyopiga deki utaambiwa hukuipiga. Jioni nikajaribu jambo la akili kidogo: nikatengeneza wavu wa bomba peke yake. Likapita. Nikatengeneza wa kasha peke yake. Likapita. Kila mmoja akiwa kwake ni mtakatifu, ukiwakutanisha wanararuana mashati. Nimewahi kuishi nyumba ya kupanga ya namna hiyo, Auburn, sikuhitaji kompyuta kuielewa.

Kasha nililichorewa na Bertrand, mwenzangu wa meza ya pili, Mkongo wa Bukavu anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ambayo hakuna mteja. Bomba nililichora mwenyewe. Vipimo vyetu sote vilitoka kwenye karatasi moja, iliyoandikwa kwa penseli na Mzee Zubeir.

Mzee Zubeir ni fundi bati wa kiwanda kile, mtu wa Tanga, ana miaka sitini na mitatu na kikohozi kinachomtangulia kila aendako. Kiwanda hakikutaka mtu wa vipimo vya leza azunguke katikati ya mashine zikifanya kazi, kikasema yupo fundi wetu atapima. Akapima. Mdomo wa kasha, milimita mia nne hamsini. Bomba, mia nne hamsini. Nilipokuwa nafagia pale, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nimesomea nini, na nilipomjibu hakucheka. Alinipa kipande cha bati na kalamu ya kuchorea, akaniambia nichore kiwiko cha bomba, nikachora, akakikata mchana ule ule. Mpaka leo kiwiko kile kiko juu ya mashine ya msasa. Namwamkia shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu.

Alhamisi mchana Douglas alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Aliitazama skrini, akauliza kama nimevichunguza vipimo. Nikasema vipimo ni vizuri. Akasema yeye ameshaona kazi nyingi zikiharibiwa na mzee mmoja mwenye futi ya chuma na penseli. Kama wavu hautatoka kesho, anaandika barua kwa kiwanda kwamba vipimo vyao haviaminiki, na mtaalamu wa mjini aje na leza yake. Alisema kwa upole kabisa. Barua yenyewe, nilivyokuja kujua, alikuwa ameshaianza.

Alipoondoka Bertrand alivuta kiti chake karibu. "Dada Brigitha," akasema, "siku ine unahesabu tu ni ngapi. Hata mara moja huyauliza yanakaa wapi."

Nilimwambia aende akapige pasi. Lakini kwenye treni nikirudi nyumbani nililitafuna neno lake. Ni kweli nilikuwa nahesabu soksi bila kuuliza zimeangukia chumba gani.

Ijumaa nilifika saa moja kasorobo, ngazi ikalalamika, nikaiambia leo hatuna muda wa maneno. Nikaiambia programu inionyeshe vile vipande vilivyogeuka tu, vingine vyote ivifiche. Skrini ikawa tupu, nyeusi, na katikati yake ikabaki pete nyekundu. Vyote vilikuwa pale mdomoni, pale ambapo bomba linaingia kwenye kasha. Vimezunguka kama ushanga shingoni. Wala havikuwa piramidi, maskini wale makarani niliokuwa nawatesa tangu Jumanne. Vilikuwa matofali ya ukutani, zile safu nyembamba, tena upande wa kasha. Nikasogea karibu nikahesabu safu. Ya kwanza imegeuka, ya pili imegeuka, ya tatu, ya nne. Ya tano iko salama, imesimama kama haijasikia ugomvi.

Safu nne, nusu milimita kila moja. Milimita mbili.

Nilirudisha mgongo kwenye kiti. Kuna kitu kilikuwa kimesukuma ukingo wa kasha ndani kwa milimita mbili, ukaja kuzikanyaga safu zilizokuwa zimeshajipanga. Nikafungua mipangilio, na hapo ndipo Jumatatu iliponirudia. Uvumilivu. Programu ikiona nyuso mbili hazigusani, inatazama uvumilivu iliopewa. Pengo likiwa dogo kuliko uvumilivu, inazivuta zishikane, kwa nguvu, bila kuuliza. Mimi niliipa milimita tatu. Nilidhani ni pengo la unywele, kama kawaida ya michoro ya watu wawili. Sikulipima. Nililinyamazisha tu.

Sasa nikalipima. Kasha la Bertrand lina mdomo wa mia nne hamsini. Bomba langu lina kipenyo cha mia nne arobaini na sita. Milimita mbili kila upande, pande zote, duara zima.

Bertrand alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anatundika koti. Nilimuuliza amepata wapi mia nne hamsini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amepata wapi pua yake. Amechora vile mzee ameandika. Nikaitoa ile karatasi drooni, nikaiangalia kana kwamba namba zingeona aibu zibadilike. Mia nne hamsini, na chini yake mia nne hamsini.

Basi nikakumbuka nilichofanya, na nilikifanya kwa akili timamu kabisa.

Pale kiwandani, enzi za ufagio, nilimwona Mzee Zubeir akipima mamia ya vipande, na kila mara kabla ya kuandika aliongeza milimita mbili kila upande. Aliniambia ndivyo walivyofundishwa kwenye karakana ya reli kule Tanga: bati lililozidi utalipiga tupa likakubali, bati lililopungua hata ulililie halirefuki. Aliita nyongeza. Kwa hiyo nilipoletewa karatasi yake, nilijiona mjanja. Bertrand na ugeni wake hajui, nikajisemea, lakini mimi namjua mzee wangu. Nikaitoa nyongeza kimyakimya kwenye bomba, nikachora mia nne arobaini na sita, nikaendelea. Bertrand, ambaye hakujua lolote, hakutoa kitu.

Sasa mmoja wetu amekosea, na sikujua ni nani. Kama nyongeza imo, kasha la Bertrand lipungue. Kama haimo, bomba langu liongezeke. Ningeweza kuwalinganisha tu kwa namba yoyote kati ya hizo mbili, na wavu ungetoka, Douglas angefurahi, na kiti kingekuwa changu. Kompyuta haijali, inataka tu wagusane. Lakini Jumatatu watu wangekata bati halisi kwa mchoro huo, na kama nimebahatisha vibaya, bomba lingefika kwenye feni likakataa kuingia au likalegea, mashine zisimame, na vumbi liendelee kuingia vifuani mwa watu ninaowajua kwa majina. Mmoja tayari anakohoa.

Jibu lilikuwa swali moja tu: mzee, uliongeza au hukuongeza? Na ni swali hilo hilo ambalo sikumuuliza tangu mwanzo. Kumuuliza fundi wa umri ule kama namba yake ni namba kweli ni sawa na kualikwa ukweni, ukaonja mchuzi wa mama mkwe, ukaomba chumvi. Heshima yangu yote kwake ilikuwa kutokuuliza. Angalia ilikonifikisha.

Simu za wafanyakazi wa kiwanda huwekwa kabatini wakati wa kazi. Wanazichukua saa nne kamili, mapumziko ya chai, ambayo watu wa huku wanayaita smoko, dakika kumi na tano na honi mwishoni. Nikangoja. Sikukaa bure, nilitayarisha michoro miwili, mmoja wa kila jibu, nikaiweka tayari kama sare mbili kitandani. Saa nne na dakika moja nikapiga.

Salamu hazirukwi. Shikamoo, marahaba, za huko, za nyumbani, mama watoto, goti lake la kushoto, mvua ya juzi, mdogo wangu wa Tabora kajifungua nini. Nilimjibu kila kimoja huku macho yangu yakiwa kwenye saa, na kila nilipofungua mdomo kuuliza, adabu inaufunga. Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Yeye mwenyewe akaona.

Akaniambia sauti yangu ina kitu, na kama ni msiba nimwambie akiwa amekaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina mlango mwingine wa kuingilia kwa mzee huyu, nami nilikuwa nagonga ukuta. Yeye ni Mzigua. Mimi ni Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto hana.

"Mzee," nikasema, "naomba shikamoo yangu niishike mkononi kidogo, nitakurudishia. Sasa hivi anaongea Mnyamwezi na Mzigua."

Kisha nikasikia kiti kikiburutwa.

"Miaka sita nangoja," akasema. "Nikadhani wewe umekuja nchi hii ukauacha utani uwanja wa ndege. Sema, mbeba mizigo."

"Nyie Wazigua mnajifanya mafundi hata wa kupima moshi. Ile mia nne hamsini uliyoniandikia ina nyongeza yako ya Tanga ndani yake, au haina?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikangoja kipite.

"Haina. Mwaka jana walinikataza. Wanataka namba kavu, eti mashine ya kukata ina akili zake. Naandika kavu, bibie, lakini kila nikiiandika naona kama nimemsindikiza mgeni nikaishia mlangoni."

"Mimi nimeitoa."

"Umetoa nini?"

"Nyongeza."

"Ambayo sikuitia?"

"Hiyo hiyo."

Nilisikia watu nyuma yake wakichekeana, vikombe vikigongana, mtu anaita jina la Ishaq.

"Sasa kwa nini hukuuliza?"

Nikamweleza yote, haraka, pete nyekundu na Douglas na saa sita na barua ya kuwa vipimo vya kiwanda haviaminiki. Nilipofika kwenye barua nikapunguza sauti, lakini alisikia. Nilidhani atakasirika. Alichosema kilinikata zaidi.

"Basi mwambie bosi wako ni mimi niliyekosea. Tena ameshaamini, hutapata tabu. Mimi nimebakiza miaka miwili kustaafu, hawatanifanya kitu. Wewe ndiyo kwanza unapanda. Mtu anayepanda haongezewi mzigo."

Sitadanganya, nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko mtu mwema anavyopaswa kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba ndiye ameushika. Ningepita tu. Nikamwona akipokea barua ile mbele ya msimamizi wake aliye nusu ya umri wake, anavua kofia, anasema ndiyo, nimekosea, kwa namba aliyoiandika sawasawa.

"Hapana, mzee," nikasema. "Kosa langu nitalibeba mwenyewe. Si ulisema mimi mbeba mizigo?"

"Haya. Lakini faini ya utani iko palepale. Utailipa hapa, mbele za watu." Honi ikalia. "Nirudishie shikamoo yangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kazi."

Saa nne na dakika kumi na sita. Nikachukua mchoro wa bomba la mia nne hamsini. Nikashusha uvumilivu wa programu mpaka sehemu ya mia ya milimita. Haikulalamika. Bomba na kasha wakagusana wenyewe bila kuvutwa na mtu. Nikabonyeza.

Wavu ule unachukua dakika arobaini. Saa tano kasoro ukafika asilimia mia moja, na mwishoni ukaniandikia: vipande vitatu vina ujazo hasi. Vitatu. Bertrand aliyekuwa amesimama nyuma yangu alitoa mlio kama tairi linalotolewa upepo kule chini ya ofisi. Safari hii sikuhesabu, niliuliza vinakaa wapi. Vilikuwa piramidi, mbali kabisa na pete, kwenye kona ya kasha. Nao walikuwa na haki yao, kwa sababu wale ni makarani niliowatesa mwenyewe Jumanne, na mateso yale bado yalikuwa yamo kwenye mipangilio. Nilikuwa nimemnywesha mgonjwa dawa sita za ugonjwa asiokuwa nao, na sasa dawa ndizo zilizokuwa zinamuua.

Daftari. Nililifungua, nikarudi nyuma mstari kwa mstari. Ukubwa wa piramidi, rudisha. Nafasi ya kusimama, rudisha. Kulainisha mara ishirini, rudisha mara tano. Bertrand alisoma, mimi nikabonyeza, na hakuna aliyetania. Saa tano na dakika tisa nikaianzisha tena, nikaenda kusimama dirishani, kwa sababu ukiitazama kompyuta haiongezi mwendo. Chini mtu alikuwa anavingirisha tairi moja kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine, na aliporudi akavingirisha jingine. Nikahesabu matairi kumi na moja.

Saa tano na dakika hamsini Bertrand aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mikono magotini kama mtu kanisani. Vipande milioni nne na laki tatu. Ujazo hasi: sifuri.

"Voilà," akasema taratibu. "Soko na gwaride wamepatana."

Saa sita kamili ngazi ikalalamika, Douglas akaingia na kikombe chake. Akainama kwenye skrini, akazungusha wavu, akakata katikati akatazama ndani, akaenda mwenyewe mpaka mdomoni mwa kasha. Mtu yule anajua kutazama. Akanyooka akasema ni wavu mzuri, kisha akauliza kilikuwa nini, je, ni vipimo vya yule mzee kama alivyosema.

Sikujipa muda wa kufikiri, maana nilijijua. Nikamwambia vipimo vya mzee vilikuwa sahihi hadi milimita ya mwisho. Nilivibadilisha mimi, kwa kudhani najua anachofanya, na sikumuuliza. Kisha programu iliponionya Jumatatu, niliinyamazisha. Nikamwonyesha karatasi ya penseli, mchoro wa zamani, na ule mstari wa Jumatatu kwenye daftari langu. Nikamwambia pia kwa nini sikumuuliza, ingawa nilijua kwa Kiingereza habari ya chumvi ya mama mkwe isingesimama, na kweli haikusimama. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

Akakaa kwenye meza ya Bertrand. Akasema siku nne ni nyingi. Akasema bomba lingekatwa hivyo lingelegea mdomoni mwa kasha, na angejua Jumanne mchana kwa simu ya hasira. Kila neno alilipima, na mimi nilisimama nikipokea kila moja, miguu imekaza, kama siku ile msimamizi wa usafi alipopitisha kidole kwenye kingo za madirisha. Kisha akauliza swali moja: mara nyingine nikipata namba ninayodhani ina kitu ndani yake, nitafanya nini.

"Nitauliza," nikasema. "Hata kama ni mzee. Na jibu nitaliandika pembeni ya namba."

Mwishowe akasema ukurasa wa kwanza wa ripoti utakuwa na masahihisho hayo kwa jina langu, na kiwanda watayasoma. Nikasema sawa. Akasema kazi ya mabomba ya matawi inaanza wiki ijayo, na kwa kuwa nakijua kiwanda, niende mwenyewe kupima. Alishafika mlangoni ndipo nikaelewa alichoniambia: kiti kimebaki changu. Ile barua aliichukua kwenye mashine ya kuchapia, akaikunja mara nne, akaitumia kuzuia kikombe kisichome meza.

Jumatano iliyofuata nilikuwa Smithfield. Mzee Zubeir alikuwa amewatangazia watu wote. Faini yangu ilikuwa kushika ncha ya futi, ile ncha isiyo na kazi, ambayo hupewa mtu aliyeanza kazi asubuhi hiyo, nami nikaishika kutwa nzima, huku wanaume niliofagia chini ya miguu yao wakipita na kuniuliza kama nimepewa cheo. Niliwajibu kila mmoja anavyostahili.

Tawi la kwanza lilikuwa mia mbili na kumi na sita. Aliandika. Pembeni yake akachora mstari mdogo, kama tulivyokubaliana, akaandika: nyongeza, sifuri. Akaitazama ile sifuri muda mrefu, penseli haitoki kwenye karatasi, uso wake kama wa mtu aliyeambiwa afunge mlango mgeni akiwa bado uani.

"Milimita moja tu," akasema. "Kwa ajili ya roho yangu."

"Tia, mzee," nikamwambia. "Lakini iandike."

Akaifuta sifuri kwa kidole gumba, akaandika moja, kubwa, yenye miguu, na tukasogea kwenye tawi la pili.